Dawa ya Kuku na Afya ya Jirani



Somo letu la leo linaanzia bandani. Kuku ni akiba ya kaya nyingi za Mbulu na Hanang. Daftari za shule zikihitajika, kuku wawili wanapelekwa mnadani Katesh au Dongobesh. Mgeni akifika, kuku anachinjwa. Siku ya matoleo, kuku analetwa mbele ya altare. Ndiyo maana kuku wakianza kusinzia na kuhara, mfugaji hakai akashika tama. Anakwenda duka la dawa za mifugo na kuomba "dawa ya kuku". Mara nyingi anarudi na antibayotiki ya unga ya jamii ya tetrasaiklini, anaichanganya na maji kwa kukadiria kwa macho, na kuku wakichangamka anaacha. Mwingine anafungua kapsuli iliyobaki mtoto alipopona kikohozi na kuwagawia kuku.

Nia ni njema. Hata hivyo, tendo hilo dogo linaweza kumgusa mtu asiyefuga hata kuku mmoja. Tuone kwa namna gani.

1. Usugu ni nini?

Antibayotiki ni dawa inayoua bakteria au kuzuia wasiongezeke. Katika kundi kubwa la bakteria huwapo wachache wenye maumbile yanayowawezesha kustahimili dawa. Dawa ikitolewa ovyo, wale dhaifu wanakufa na wale wachache wanabaki na nafasi yote. Katika mazingira mazuri bakteria aina ya E. coli hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, bakteria mmoja anaweza kuwa zaidi ya milioni mbili ndani ya saa saba. Tena bakteria hupeana sehemu za vinasaba zenye usugu, hata wakiwa wa aina tofauti.

Ni muhimu tuelewe vizuri: anayekuwa sugu ni bakteria. Mwili wa kuku au wa mtu hauzoei dawa, kama wengi wanavyodhani. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kumeza antibayotiki anaweza kupata bakteria ambaye tayari ni sugu.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba dozi pungufu zingewafundisha bakteria kuishinda dawa. Kwa makadirio ya watafiti, mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu.

2. Kutoka bandani hadi nyumbani

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika Karatu, wilaya jirani na Mbulu. Watafiti walipima kuku, watu, panya na udongo wa kwenye kaya. Kote huko walikuta E. coli wenye usugu dhidi ya dawa za makundi kadhaa. Matokeo hayo peke yake hayathibitishi nani alimwambukiza nani. Yanatuonyesha kwamba kuku, panya, udongo na watoto wanaochezea udongo huo wamo katika mzunguko mmoja.

Njia zenyewe tunazijua. Kuku wanalala jikoni. Kinyesi chao kinakuwa mbolea ya bustani ya mboga, na mvua inakipeleka mtoni. Kisu kilichokata nyama mbichi kinakata nyanya za kachumbari. Nyama iliyoiva vizuri haina shida hiyo, kwa sababu moto huua bakteria, wakiwemo walio sugu. Hatari iko zaidi mikononi, kwenye vyombo na kwenye maji.

Siku moja bakteria huyo anaingia kwenye njia ya mkojo ya mama mjamzito, au kwenye damu ya mtoto mchanga. Daktari anaandika dawa, dawa haifanyi kazi, na siku zinazopotea ni zile ambazo mgonjwa alizihitaji mno.

3. Kosa linalotugharimu mara mbili

Ugonjwa unaomaliza kuku wa kienyeji vijijini ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo unasababishwa na kirusi, na antibayotiki haiui kirusi. Mfugaji anayetia unga kwenye maji wakati wa mdondo anapoteza fedha, anapoteza kuku, na bakteria waliomo matumboni mwa kuku hao wanajifunza usugu bure.

Kinga ipo. Chanjo ya mdondo inayostahimili joto huzalishwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Hutolewa kwa kuku wazima, kwa maana haiponyi aliyekwisha kuugua.

4. Dhamiri inasema nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inazungumzia afya chini ya Amri ya Tano. Inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba tuzitunze tukizingatia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote. Nguvu ya antibayotiki ni sehemu ya manufaa hayo. Mimi nikiitumia ovyo, jirani yangu ndiye anayeikosa siku ya ugonjwa.

Mfugaji maskini anaweza kuuliza: "Kuku wangu wakifa, nitakula nini?" Swali hilo ni la haki, na tusimjibu kwa kumlaumu. Tumsaidie apate chanjo na ushauri. Lakini kuwahi mnadani na kuku unayejua anaumwa, au kuuza mayai kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa hazijaisha, ni kumdanganya mnunuzi. Hapo tumegusa Amri ya Saba.

5. Tufanye nini?

- Jumuiya Ndogo Ndogo zipange siku ya chanjo. Chupa moja hutosha kuku wengi na haifai kuwekwa ikishafunguliwa, hivyo majirani wachange na kuchanja siku hiyohiyo.
- Kuku wakiugua, watenge wagonjwa na umwite afisa mifugo kabla ya kununua dawa.
- Dawa ikielekezwa, toa kipimo kamili kwa siku zote. Usiwape kuku dawa za binadamu.
- Usitie antibayotiki kwenye maji ya kuku wazima "kwa kinga". Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani linawashauri wafugaji kuachana na desturi hiyo.
- Wajengee kuku banda nje ya jiko, nawa mikono kwa sabuni, na acha samadi ioze vizuri kabla ya kuitia bustanini.
- Waseminari wenye zamu ya banda waweke daftari: dawa gani, tarehe gani, kwa sababu gani. Padre mwenye daftari kama hilo parokiani atafundisha bila maneno mengi.

Maswali ya kujadili

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayeamua kuku wapewe dawa gani?
2. Mara ya mwisho kuku walipougua, tuliwauza, tuliwatenga au tuliwazika? Kwa nini?
3. Ni kaya zipi jirani zetu zisizoweza kumudu chanjo, na tutazichangiaje?

Mungu akubariki wewe na mifugo yako.