Chakula kinakwama kifuani? Ijue tiba ya kupitia mdomoni

Wapo watu ambao kila tonge wanalomeza hulazimika kulisukuma kwa maji. Usiku chakula huwarudia mdomoni, kikohozi huwaamsha, na mwili hukonda. Wengine huambiwa ni vidonda vya tumbo, wengine kwamba wamerogwa.

Ugonjwa mmojawapo unaoleta hali hii ni akalasia. Chini ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, upo msuli ulio kama mlango wa tumbo. Mtu akimeza, msuli hulegea chakula kipite. Kwa mgonjwa huyu mishipa ya fahamu ya sehemu hiyo imeharibika, hivyo mlango haufunguki na chakula hubaki juu yake.

Mwaka 1913 daktari Ernst Heller wa Ujerumani aliukata msuli huo kwa upasuaji. Kwa miaka mingi ilibidi kupasua tumbo au kifua, baadaye kwa kupitia matundu madogo. Mwaka 2008 daktari Haruhiro Inoue wa Japani aliufanya bila kuchana ngozi kabisa. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, kisha mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni. Kwa kisu kidogo cha umeme daktari hutoboa utando wa ndani wa umio, hupenya kati ya tabaka zake kama anayechimba handaki, huukata msuli unaobana, kisha huliziba tundu kwa vibanio vidogo.

Mgonjwa hana kidonda cha nje. Hata hivyo, wengi hupata kiungulia baadaye, kwa kuwa mlango umelegezwa, na kazi hii huhitaji daktari aliyeifundishwa hasa.

Tuzingatie haya:

1. Si kila kukwama ni akalasia. Saratani ya umio, iliyo nyingi Afrika Mashariki, nayo huanza hivyo: kwanza ugali na nyama, kisha hata uji. Usingoje, nenda ukapimwe kwa kamera.

2. Siku ya kipimo usile chochote kwa muda utakaoambiwa, ili tumbo liwe tupu.

3. Acha sigara, na subiri chai na uji vipoe, hata wakati wa kufuturu. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kuwa vinywaji vyenye moto unaozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio.

Anayewahi ana nafasi kubwa zaidi ya kutibiwa.