Dirisha Likiganda, Usikimbilie Kuzima

Likizo hii niko Katesh, naandika utafiti wangu kuhusu maporomoko ya tope yaliyoshuka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023. Mahojiano yote yamo kwenye kompyuta ya nyumbani, mzee kweli kweli. Juzi mwenzangu wa Mbulu kanipigia: dirisha la Word limeganda, azime? Usizime, ndugu yangu! Kuzima kwa nguvu kunaua hata programu zisizo na kosa (umeme wenyewe unatosha kutuzimia).

Ngoja kwanza dakika mbili tatu. Mara nyingi dirisha halijafa, linasubiri diski, hasa faili likiwa na picha nyingi. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya programu; tazama safu ya diski. Ikigota karibu asilimia 100, mashine bado inahangaika, iache. Ikitulia na dirisha bado halisikii, chagua Word peke yake, bonyeza “End task”. Kwa kawaida Word hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Ifungue tena, ikikuletea nakala hiyo ihifadhi hapohapo kwa jina jipya, ndipo uendelee kuandika.