Mdako, Dhumna na Bao Katika Kipindi cha Hesabu

Mwalimu wa darasa la pili au la tatu, vifaa unavyo tayari. Watoto wako wanavichezea kila siku mapumziko.

1. Anza na mdako. Chora duara la chaki sakafuni, weka kokoto 12. Mtoto anarusha komwe juu, anazoa kokoto, anaidaka, kisha anazirudisha zote ila mbili. Mzunguko unaofuata, mbili tena. Duara likiisha, uliza: "Tumetoa mara ngapi?" Sita. Sasa wacheze kwa kutoa tano tano. Watatoa mara mbili, halafu zitabaki mbili zisizo na pa kwenda, na hapo ubishi utaanza. Uache uendelee! Wanabishania kugawanya kwenye baki, na wewe hujagusa chaki ya ubaoni.

2. Mwaga dhumna, kete zote 28. "Nitafutieni kila yenye jumla ya 6." Zipo nne tu: sita na tupu, tano na moja, nne na mbili, tatu na tatu. Kama shule haina dhumna, kata maboksi, chora nukta.

3. Kwenye bao la kujifunza kila shimo hupata kete 2, mashimo 32, kete 64. Kabla mtoto hajatawanya, ataje kwanza kete ya mwisho itaangukia wapi. Akianza na kete 5 za shimo la tatu, aseme "la nane" mikono ikiwa imetulia. Kubashiri huko ndiko kujumlisha. Kutawanya ni kuhakiki tu.

4. Gawa makundi ya wanne wanne. Darasa la watoto 80 likitazama wawili wakicheza mbele, 78 hawajajifunza kitu. Vizibo vya soda vinatosha kila kundi.

5. Usishindanishe kasi, tafadhali. Mtoto mzito wa kuhesabu akishindwa mara mbili mbele ya wenzake hatanyoosha mkono tena, na ndiye uliyemletea mchezo. Alama impate anayeeleza alivyofikiri, hata akichelewa.

6. Mwambie mapema mwalimu wa darasa la jirani kwamba kutakuwa na kelele.

7. Acha dakika kumi za mwisho kwa madaftari. Kila mtoto aandike alichokifanya kwa mikono: 12 ÷ 5 = 2, baki 2. Ukipita kukagua, mwombe akuonyeshe zile mbili zilizobaki ni zipi.