Damu Haisemi Uongo: Kujifunza Kazi ya Maabara



Mtoto wako ana homa kali. Umemfikisha kituo cha afya. Mganga anamtazama, kisha anakupa karatasi. Anasema, "Mama, mpeleke maabara kwanza, halafu urudi kwangu."

Huenda ukanung'unika moyoni. Unaona unacheleweshwa. Lakini fikiri kidogo. Homa inaweza kuwa malaria. Inaweza pia kuwa ugonjwa wa mapafu, au ugonjwa wa njia ya mkojo. Ukimgusa mtoto, homa hizi zote ni moto. Dawa zake ni mbalimbali. Mtoto akipewa dawa isiyo yake, siku zinapita na ugonjwa unazidi. Anaweza kufa.

Ndiyo sababu yuko mtu ambaye kazi yake ni kupima. Leo tutajifunza jinsi anavyofundishwa. Huenda mwanao au mdogo wako akaipenda kazi hii.

Nani anaweza kujifunza?

Hapa Tanzania, anayetaka kazi hii lazima awe amemaliza kidato cha nne. Lazima awe amefaulu masomo ya sayansi, hasa baiolojia na kemia. Wanawake na wanaume wote hupokelewa. Mafunzo ya cheti huchukua miaka 2. Mwenye cheti huitwa mteknolojia msaidizi wa maabara. Akisoma hadi stashahada, jumla ya miaka 3, huitwa mteknolojia. Kabla ya kuanza kazi, lazima asajiliwe na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya.

Anajifunza nini?

Anajifunza kupima damu, mkojo, choo na makohozi. Tuangalie kipimo kimoja tu, cha malaria kwa hadubini. Hadubini ni chombo kinachokuza vitu vidogo sana. Vijidudu vya malaria hutazamwa vikiwa vimekuzwa mara 1,000. Daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, aliviona katika damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880.

Mwanafunzi hufanya hivi:

1. Anaandika jina na namba ya mgonjwa kwenye kioo kidogo.
2. Anavaa mipira ya mikono. Anasafisha kidole cha mgonjwa na kukiacha kikauke.
3. Anachoma kidole kwa sindano mpya. Tone la kwanza analifuta.
4. Anaweka tone la damu kwenye kioo na kulitandaza. Anaacha likauke.
5. Anatia rangi iitwayo Giemsa. Rangi hiyo hufanya vijidudu vionekane.
6. Anatazama kwa hadubini.

Sindano iliyotumika haiachwi mezani. Hutupwa mara moja katika boksi la usalama, kwa maana damu inaweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Mikono na moyo

Hatua hizi mtu anaweza kuzishika kwa muda mfupi. Lililo gumu ni kutobahatisha.

Tuchukue mfano. Asubuhi moja wamekuja watoto wawili, na wote wanaitwa Asha Juma. Mmoja ana malaria, mwingine hana. Mpimaji akisahau kuandika namba, majibu yanaweza kubadilishana. Mwenye malaria atarudi nyumbani bila dawa. Kosa ni dogo kama namba moja, lakini uhai wa mtoto umo ndani yake.

Tena, vijidudu vinaweza kuwa vichache. Mpimaji akitazama sehemu 5 za kioo bila kuona kitu, hawezi kusema, "Hakuna." Hufundishwa kutazama sehemu zisizopungua 100 kabla ya kutoa jibu hilo. Wagonjwa wanasubiri, macho yamechoka, lakini lazima atazame. Kioo kikiharibika, haoni haya kusema, "Tafadhali, nichukue damu tena." Damu haisemi uongo. Mtu ndiye anayeweza kusema uongo.

Katika zahanati nyingi siku hizi kuna kipimo cha haraka cha malaria. Jibu hutoka kabla ya nusu saa kwisha. Hata hivyo jina, usafi na uaminifu vinahitajika vilevile.

Na wewe una kazi yako

Mpimaji peke yake hatoshi. Ukiambiwa ulete makohozi, yatoe kifuani kwa kukohoa kwa nguvu. Mate ya mdomoni hayafai. Ukipimwa kichocho cha mkojo, leta mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi wakati huo. Taja majina yako yote. Usipoelewa, uliza.

Na kama nyumbani yuko kijana anayesoma sekondari, mwambie habari hizi. Usingoje amalize kidato cha nne. Masomo ya sayansi hayashikwi kwa siku moja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mganga hakutoa dawa mara moja?
2. Kwa nini jina na namba huandikwa kwenye kioo?
3. Mpimaji hutazama sehemu ngapi kabla ya kusema hakuna malaria?
4. Je, umewahi kunywa dawa bila kupimwa? Ikawaje? Waeleze wenzako.