Nilivyobadilisha giaboksi ya Noah ya biashara mwenyewe, na hesabu ya siku niliyoisahau

Wiki iliyopita niliweka status ya Noah yangu ikiwa juu ya stendi nyuma ya duka, inboksi ikajaa. Wengi mmeuliza kitu kimoja: giaboksi ya otomatiki ikianza kufa, mtu anaweza kubadilisha mwenyewe akaokoa hela ya fundi? Kubadilisha nimebadilisha, na gari inatembea. Ila kwenye kuokoa hela, kaa hapo nikuonyeshe daftari.

Kwa ambao ni wageni: mimi nipo Dunda, hapa Bagamoyo mjini. Nauza vigoda, meza ndogo za mbao na makapu ya ukili, wateja wangu wengi wapo Dar na wananipata kwa WhatsApp na Instagram. Mara mbili kwa wiki napakia Noah napeleka mizigo mpaka Tegeta na Mwenge. Meza ikitupwa juu ya keria ya daladala inafika na miguu mitatu, kwa hiyo hiyo gari ndo duka lenyewe. Ni ile Noah ya zamani ya SR40, injini ya 3S ipo chini ya viti vya mbele, tairi za nyuma ndo zinazosukuma. Mimi nimeishia kidato cha nne, ufundi sijasomea popote. Nina mjomba wangu aliyekuwa fundi wa malori miaka mingi. Macho yamechoka sasa, lakini masikio yake bado mazima.

Dalili zilianza taratibu. Asubuhi gari ikiwa baridi inakwenda vizuri tu. Tukifika Kerege imeshapata moto, nikikanyaga mafuta injini inapiga kelele kubwa lakini spidi haipandi. Baadaye ikawa nikiweka D inakaa kama sekunde nne ndo inashika, tena kwa kishindo. Mimi nikadhani ni plagi. Nikabadilisha plagi. Hela ya kwanza ikaenda bure.

Hapa naomba usiruke, maana kuna watu wameng'oa giaboksi nzima wakati tatizo lilikuwa oili imepungua. Oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye hizi Toyota haipimwi kama ya injini. Unatembeza gari mpaka ipate moto, unaegesha sehemu tambarare, injini ikiwa inaunguruma na mguu upo kwenye breki, unapitisha gia zote kuanzia P mpaka L, unarudisha P, ndo unachomoa kijiti. Kina alama mbili, ya moto na ya baridi. Soma ya moto. Ukipima injini imezimwa utadanganyika. Angalia pia taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Kama inawaka na kuzima yenyewe, kompyuta ya gari imehifadhi hitilafu, na inaweza kuwa waya au kijisoketi tu, kitu cha bei ndogo. Mpelekee mwenye mashine akusomee kabla hujashika spana.

Yangu taa haikuwaka, oili ilikuwa kwenye kipimo, ila ilikuwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua. Tulipofungua sampo chini tukakuta tope jeusi na vijipande vya chuma vinametameta. Mjomba akachovya kidole, akanusa, akasema, "Mwanangu, pleti zimekwisha." Ndani ya giaboksi kuna pleti za klachi zinazoshikana kwa msukumo wa oili. Zikiisha zinateleza, zikiteleza zinapata moto, oili inaungua, nayo inazidi kuzimaliza. Ukimwaga oili mpya hapo unabembeleza maiti.

Fundi wa gereji alitaka 200,000 ya kazi tu, siku mbili. Mimi nikaona laki mbili ni mtaji wa makapu mengi, nikasema nafanya mwenyewe. Wapo walionishauri nigeuze iwe ya manyu. Nikapiga hesabu ya pedali, flaiwili, klachi na propela shafti, nikaachana nayo.

Sasa kosa langu kubwa, na lilifanyika kabla sijalala chini ya gari. Nilikwenda Gerezani kununua giaboksi ya mtumba wakati ya kwangu bado ipo kwenye gari. Nikasema "ya Noah", nikapewa ya Noah, 700,000, nikakodi kirikuu 80,000 mpaka Bagamoyo. Tulipoishusha ya zamani na kuziweka pamoja, soketi ya waya ya ile mpya ilikuwa na pini tofauti na mkia wake ulikuwa mrefu zaidi. Nikarudi nayo Dar. Muuzaji alinibadilishia bila maneno, kwa sababu risiti niliidai na nilimwambia aandike humo kwamba isipoingia inarudi. Lakini kirikuu kwenda na kurudi, 120,000 nyingine, na siku moja nzima imekufa. Kwa hiyo shusha ya zamani kwanza. Kama huwezi kuibeba, piga picha kibati cha namba, piga picha kila soketi, hesabu pini, pima urefu kwa futi, ndo upande gari ya Makumbusho.

Kazi yenyewe. Toa terminali ya hasi ya betri. Gari ikae juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki tupu, hata kwa dakika moja, hata kama unafuata nati iliyodondoka. Sisi wa pwani tuna shida ya ziada: mchanga. Stendi ilianza kuzama nikiiangalia. Tukatafuta mbao nene nne tukatandika chini ya kila mguu, na tairi za mbele tukaziwekea mawe. Mwaga oili. Weka alama ya rangi kwenye propela shafti na pale inapofungwa, ili irudi ilivyokuwa, la sivyo unaweza kupata mtetemo. Ukiichomoa, oili iliyobaki itamwagika kwenye mkia wa giaboksi, ziba kwa mfuko wa nailoni na mpira. Halafu toa waya, fimbo ya gia, stata, na zile bomba mbili za oili zinazokwenda kwenye rejeta.

Chumvi ya bahari ilikuwa imekula bolti. Nilivunja mbili siku ya kwanza kwa ubishi. Baada ya hapo nikawa nazipulizia WD-40 usiku, nazishika asubuhi. Zile za juu kwenye kengele ya giaboksi huzifikii ukiwa chini. Inua viti vya mbele, fungua mfuniko wa injini, pitia ndani. Hilo lilinichukua nusu siku kuligundua, na mjomba alikuwa analijua muda wote. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu, "Hukuuliza."

Kabla ya kuachanisha, kuna bolti zinazoshika konveta na pleti nyembamba iliyofungwa nyuma ya kranki. Kwangu zilikuwa sita. Unazifikia moja moja kwenye kidirisha cha chini, huku mwenzako anazungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele. Injini iwekee jeki na ubao kabla hujatoa mauntingi ya nyuma, vinginevyo itaning'inia. Giaboksi ina uzito wa zaidi ya kilo hamsini, usijifanye Hasheem Thabeet. Tulikuwa watu watatu na jeki ya magurudumu iliyofungwa ubao na kamba.

Sehemu ninayotaka uikumbuke kuliko zote ni kurudisha. Konveta, lile dude la mviringo kama sufuria mbili zilizounganishwa, lazima izame mpaka mwisho ndani ya giaboksi kabla hujainua. Imimine oili kama lita moja kwanza. Halafu isukume huku unaizungusha. Inaingia kwa hatua, unasikia "tuk", unaendelea kuzungusha, "tuk" nyingine. Mimi nilisikia mbili nikaridhika. Ilikuwa saa tano usiku, siku ya tano, simu inaita, dada wa Tegeta anauliza meza yake. Tukainua, giaboksi ikagusana na injini upande mmoja, upande wa pili ikabaki nafasi ya kidole. Nikasema bolti zitaivuta. Nikaanza kukaza. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, hata haoni vizuri, akasikia sauti ya spana akapiga kelele: "Acha! Shusha!"

Nilikasirika, kusema kweli. Tukashusha. Konveta ilikuwa haijaingia kwenye meno ya pampu. Ningekaza bolti mbili zaidi ningevunja pampu ya ndani, na giaboksi ya laki saba ingekufa kabla haijawashwa. Tuliizungusha tena kwa subira, "tuk" ya tatu ikaja, ikazama kama upana wa kidole. Safari ile giaboksi ilikaa kwenye injini kwa kusukuma kwa mkono tu, na konveta ilizunguka kwa vidole kabla hatujaifunga bolti zake. Hicho ndo kipimo. Isipokaa kwa mkono, shusha uanze upya, hata kama ni usiku wa manane.

Bomba za rejeta usizifunge hivi hivi. Uchafu wa giaboksi iliyokufa umekaa humo, unasubiri hiyo mpya. Sisi tulipitisha oili safi na upepo wa kompresa mpaka ikatoka nyekundu. Na ya kujaza nunua ya kutosha kabisa: nilinunua lita nne za Dexron nikidhani zinatosha, kumbe konveta ikiwa tupu inakunywa sana. Jumla zilikwenda nane kwa 15,000 kila moja, na mbili za mwisho zilifuatwa kwa bodaboda. Usimimine zote kwa pamoja. Mimina, washa, pitisha gia, pima, ongeza.

Sasa daftari. Nililookoa: 200,000 ya fundi. Stendi na jeki za kukodi, siku sita kwa 10,000, ni 60,000. Kirikuu ya kurudisha giaboksi isiyofaa, 120,000. Wiki ile nilikuwa na oda kumi na moja za Dar. Niliwaandikia wote siku ya kwanza, kabla hawajaniuliza: "Gari imelala, mzigo wako utafika Ijumaa ijayo. Ukiona mbali nakurudishia hela leo hii." Wanne walisubiri. Wanne walikubali nitume makapu kwa daladala kwa nauli yangu. Watatu walichukua hela yao, na faida iliyokwenda nao ilikuwa 95,000. Jumlisha: 275,000. Nimepata hasara ya 75,000 ili nisimlipe fundi 200,000, na hapo nauli za makapu sijaziweka wala bolti nilizovunja.

Ukiniuliza kama ningerudia, inategemea gari yako inakuingizia nini kwa siku. Fundi angemaliza siku mbili, mimi zilikwenda sita. Kama gari inakaa tu ikisubiri oda za mwisho wa mwezi, na una mtu kama mjomba, fanya. Kama una oda za watu mkononi na hela yao umeshakula, mlipe fundi, ila kaa pale pale kwake umuulize kuhusu ile "tuk" ya tatu.

Dada wa Tegeta meza yake ilifika Ijumaa. Giaboksi ya zamani bado ipo nyuma ya duka. Kuna kijana wa vyuma chakavu anakuja kila asubuhi anataka kuipima kilo na oili ikiwa bado imo ndani, mimi nataka kumuuzia kama spea. Bado tunabishana.