Somo la Robo Hii: Kibali Kwanza, Darasa Baadaye



Sharika kadhaa zimetuletea maombi ya kusaidiwa kufungua shule za awali. Tunayapokea kwa furaha, maana mtoto aliyeandaliwa vizuri huanza darasa la kwanza bila hofu. Hata hivyo, maombi mengi yanaeleza matofali, mabati na madawati tu. Kibali na mwalimu havitajwi.

Madhara yake tumeyaona. Usharika mmoja ulianza na watoto 43 katika chumba cha shule ya Jumapili. Katikati ya mwaka wathibiti ubora wa shule walifika, hawakukuta usajili, na darasa likafungwa. Walioumia zaidi ni watoto, pamoja na wazazi waliokuwa wamekwisha kulipa ada. Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili, lisomwe na kujadiliwa katika vikao vya kamati.

1. Je, ni kituo au ni shule?

Neno "chekechea" hutumika kwa vitu viwili ambavyo sheria inavitenganisha. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinaongozwa na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Maombi hupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na leseni hutolewa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Shule ya awali inaongozwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na marekebisho yake, na usajili wake uko kwa Kamishna wa Elimu. Leseni ya kituo haigeuzi kituo kuwa shule. Kamati iamue mapema inataka kipi, kwa kuangalia umri wa watoto na kazi itakayofanyika.

2. Je, inahitajika?

Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, elimu ya awali katika shule za serikali haina ada, na shule za msingi za serikali zinatakiwa kuwa na darasa la awali. Kabla ya kujenga, tembeleeni shule ya msingi iliyo jirani. Huenda hitaji lenu si darasa jipya bali uji wa asubuhi, vyoo vya watoto wadogo au zana za kujifunzia katika darasa lililopo. Lakini kama shule iko mbali na watoto wadogo hawawezi kutembea hadi huko, mna hoja nzuri ya kuanza.

3. Hatua za usajili

Kwa shule ya awali hatua kuu ni tatu: kibali cha kuanzisha shule, uthibitisho wa mmiliki na meneja, na usajili wenyewe. Andaeni uthibitisho wa umiliki wa eneo, michoro ya majengo, na taarifa za wataalamu kuhusu ubora wa majengo na afya ya mazingira, yaani maji, vyoo na usafi. Kwa kuwa ardhi ya kanisa kwa kawaida huandikwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini, barua zenu zipitie ofisi ya dayosisi kabla ya kwenda halmashauri. Msipokee watoto kabla usajili haujatoka, hata kama wazazi wanawasihi.

4. Walimu

Kiwango kinachotumika kwa elimu ya awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Watoto 43 wanahitaji walimu 2, na watoto 60 wanahitaji 3. Mwalimu awe amesomea ualimu na kupata cheti kinachotambuliwa, na afundishe kwa mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania, ambao toleo lake jipya lilianza kutumika Januari 2024. Binti mwenye upendo kwa watoto ni msaidizi mzuri, ila upendo peke yake haumfanyi kuwa mwalimu. Usharika unaweza kumlipia karo ya chuo, naye akarudi kufundisha.

5. Mshahara utatoka wapi?

Hapa ndipo miradi mingi huanguka. Tuchukue mfano. Watoto 25 wakilipa shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwezi, mnapata 500,000. Wanane wakishindwa kulipa, zinabaki 340,000. Kwenye fedha hizo mnatakiwa kutoa mshahara usiopungua kima cha chini cha kisheria, mchango wa NSSF, uji, chaki na matengenezo. Aidha, mwezi wa likizo ada haziingii, ilhali mwalimu anakula.

Tunawaomba wafadhili watuelewe. Jengo hupigwa picha siku ya uzinduzi, lakini mshahara wa mwalimu kwa miaka mitatu ya mwanzo ndio unaoliweka jengo hilo hai. Nazo sharika zieleze katika maombi yao ni nani atakayeubeba mzigo huo mwaka wa nne.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Watoto wetu wana umri gani, na shule ya msingi ya karibu iko umbali gani?
- Tunaanzisha kituo au shule? Nani ameongea na afisa ustawi wa jamii au afisa elimu?
- Hati ya eneo iko kwa jina la nani?
- Tutakuwa na walimu wangapi, wenye vyeti gani?
- Wazazi theluthi moja wasipolipa, mwalimu atalipwa na nani?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kuambatishwa na ombi la mradi. Ombi lenye majibu haya tutalishughulikia kwanza. Na pale ambapo jibu bado halijapatikana, tuko tayari kuja kukaa nanyi tulitafute pamoja.