Kuhitimu, Kusajiliwa, Kupewa Leseni: Istilahi Tatu katika Safari ya Muuguzi

Mhitimu wa chuo cha uuguzi huanza kuitwa "nesi" kijijini mwao hata kabla ya kuufanya mtihani wa Baraza. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba jina hilo huwa limeitangulia sheria.

Taaluma hii nchini Kenya husimamiwa na Baraza la Wauguzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Anayetaka kusomea stashahada katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) huhitaji wastani wa C katika mtihani wa KCSE, pamoja na C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Neno hilo "au" tutalirejelea. Shahada, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuitoa mwaka 1992, huchukua miaka minne, na baadaye mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi.

Cheti cha chuo hakitoshi. Mhitimu hufanya mtihani wa Baraza, na akifaulu, jina lake huingizwa katika rejista. Huko ndiko kusajiliwa. Leseni ni jambo jingine: ni idhini ya kuwahudumia wagonjwa, ina muda maalumu, na huhuishwa kwa ada na ithibati ya masomo endelevu. Aliyesajiliwa, leseni yake ikiisha muda, hana ruhusa ya kushika sindano wodini.

Wapo pia wauguzi wa ngazi ya cheti, ambao kisheria ni kundi tofauti ingawa Kiswahili chetu huwaita wote "waliosajiliwa". Mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza walianzisha masomo ya kompyuta ili wauguzi hao wapate stashahada bila kuacha kazi.

Sasa lile "au". Kiswahili humfungulia mwanafunzi mlango wa chuo, kisha huachwa nje: mihadhara na mtihani wa Baraza ni kwa Kiingereza. Hata hivyo, mama mjamzito anayeletwa akitetemeka atataka kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Istilahi zipo, kama vile kifafa cha mimba na kondo la nyuma, ila muuguzi mchanga huziokota wodini kutoka kwa wakongwe, ikiwa zamu yake imemkutanisha nao.